Jinsi ya kuondoa mvumo wa umeme kwenye rekodi kwa filta ya kuandika mwenyewe, bila kuharibu sauti ya mtu

Nina rekodi ya bibi yangu ya dakika kama arobaini hivi, anatoa ngano za sungura na fisi, nilimrekodi sebuleni kwake Tanga jioni moja friji ikiwa pembeni na kompyuta niliyochomekea maiki ikiwa kwenye chaja. Siku ile sikusikia kitu. Niliporudi nyumbani nikavaa hedifoni ndo nikakuta chini ya sauti yake kuna mvumo, mmmmmm, mwanzo mpaka mwisho. Nikajiambia hii ni 50 Hz ya umeme tu (mtetemo wa mara 50 kwa sekunde), naandika filta nakata yanaisha. Nikakata kweli. Mvumo ukaondoka ila kila bibi akisema "Paukwa" na sisi tukiitikia "Pakawa" kukawa kunabaki mkia nyuma ya neno, uuuu, kama mtu kaongelea ndani ya pipa, na hiyo iliniuma kuliko mvumo wenyewe maana pale ndo mlango wa hadithi.

Nilirudia mara tatu mpaka nikaelewa tatizo liko wapi. Ukikata kwa ukali kwenye frikwensi unalipa kwenye muda, hakuna namna ya kukwepa, na filta haijui ipi ni sauti ya bibi ipi ni ya friji, yenyewe inaona frikwensi tu. Hatua zote hapa chini zinazunguka hapo hapo.

Unachohitaji

Python yenye numpy, scipy na soundfile, programu ya ffmpeg, na hedifoni. Hedifoni sio hiari. Spika ya simu au ya kompyuta haiwezi kutoa 50 Hz kwahiyo utasikiliza utasema imekuwa safi kumbe mvumo uko pale pale, siku ikichezwa kwenye spika kubwa ndo unaujua. Na rekodi ya asili usiiguse, fanya kopi.

Hatua ya 1: Jaribu kutohitaji filta

Kama bado hujarekodi, chomoa chaja, tumia betri. Zima friji kwa huo muda (weka funguo zako juu ya friji ili usiondoke umesahau kuliwasha, samaki wa watu wasiharibike). Sogeza maiki karibu na mdomo, mkono mmoja au chini ya hapo. Alafu kabla mtu hajaanza kuongea nyamazeni sekunde kumi, wote, feni nayo ikiwezekana. Hizo sekunde kumi za kimya zina thamani kuliko kodi yote (maagizo ya kompyuta) nitakayoandika hapa, utaona sababu kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya 2: Geuza faili kwa usahihi

Rekodi za simu nyingi zinakuja m4a au opus. Zigeuze hivi:

ffmpeg -i bibi.m4a -ar 48000 -ac 1 bibi.wav

Kuna watu wanataka faili dogo wanaamua kushuka mpaka sampuli 16000 kwa sekunde (sampuli ni kipimo kimoja cha sauti), sio mbaya kwa maongezi, ila usifanye kwa kuchukua sampuli moja kati ya kila tatu kwenye kodi yako. Ukiwa na sampuli 16000 mwisho wako ni nusu yake, 8000 Hz, na chochote kilichokuwa juu ya hapo hakipotei, kinajikunja kurudi chini. Mlio wa 10000 Hz utaukuta 6000 Hz, katikati ya "s" na "sh" za watu, na ukishaingia pale hakuna filta duniani ya kuutoa. Lazima ukate vya juu kwanza ndo upunguze sampuli, na ffmpeg inakufanyia hilo yenyewe ukitumia -ar, kwahiyo iachie kazi hiyo.

Hatua ya 3: Pima, usikisie

Hapa ndo nilipokosea mara ya kwanza. Niliandika 50 kwa sababu kila mtu anajua umeme wa Tanzania ni 50 Hz, Kenya na Uganda hivyo hivyo, Oman pia 50, ila Saudia ni 60 na Marekani 60, kwahiyo ndugu akikutumia rekodi kutoka Jeddah ukakata 50 hutagusa kitu. Na hata hapa nyumbani kama ilikuwa inatumika jenereta sahau 50 kabisa, jenereta ndogo inapanda na kushuka kufuatana na mzigo, friji likiwaka unaisikia inazama.

Jambo jingine, mvumo sio frikwensi moja. Una ndugu zake, 100, 150, 200, 250 na kuendelea, na mara nyingi unaousikia zaidi sio 50 bali 100 au 150 kwa sababu sikio letu ni zito huku chini. Transfoma kwa mfano inatetemeka mara mbili ya frikwensi ya umeme, kwahiyo inavuma 100. Pima:

```
import numpy as np, soundfile as sf
from scipy import signal

x, fs = sf.read("bibi.wav")
kimya = x[int(2*fs):int(12*fs)]     # sekunde 10 za kimya
d = np.hanning(len(kimya))
S = 20*np.log10(np.abs(np.fft.rfft(kimya*d)) + 1e-12)
f = np.fft.rfftfreq(len(kimya), 1/fs)
for f0 in (50, 100, 150, 200, 250, 300):
    k = (f > f0-4) & (f < f0+4)
    print(f0, f[k][S[k].argmax()], S[k].max())
```

Sekunde 10 zinakupa hatua za 0.1 Hz. Ukiwa na sekunde 2 tu unapata hatua za 0.5 Hz, na ukiwa na nusu sekunde ni 2 Hz, hapo hujui kama ni 49 au 51. Ndo maana nikasema mnyamaze sekunde kumi. Kama hukunyamaza tafuta mahali mtu anapovuta pumzi, chukua kipande kirefu kuliko vyote utakachopata, ufanye nacho hivyo hivyo.

Namba za kulia zinakuonyesha yupi ana nguvu. Kwangu ilikuwa 100 kwanza, alafu 50, alafu 150, na 200 na 250 wako mbali chini.

Hatua ya 4: Kata vya chini kwanza

Kabla ya kugusa mvumo, toa vishindo vya chini, mtu anapogonga meza, upepo, pumzi ya herufi P inapoipiga maiki. Hiyo P ya "Paukwa" ina nguvu kubwa sana huku chini na utaona sasa hivi inaharibu nini.

```
hp = signal.butter(4, 70, "highpass", fs=fs, output="sos")
y = signal.sosfiltfilt(hp, x)
```

Hii ni filta ya Butterworth, jina la mhandisi Mwingereza Stephen Butterworth aliyeieleza mwaka 1930, sifa yake ni kwamba sehemu inayopita inakuwa tambarare haina mawimbi, na kwa sauti ya mtu hicho ndo unachotaka. Kuna Chebyshev na za elipsi zinakata kwa ukali zaidi kwa daraja lile lile (daraja ni ukubwa wa filta, ile 4 kwenye butter) ila zinaacha mawimbi, mi kwenye maongezi sizitumii.

Sasa kuna mtego. Utaona mifano mingi kwenye mtandao wameandika butter bila neno sos, wanapata b na a, yaani koefishenti (namba za kuzidishia) za filta, wanazitia kwenye lfilter. Kwa daraja la 2 sawa. Ila we unasema ngoja nikate kwa ukali, unaweka daraja la 10 kwenye 70 Hz na sampuli 48000, unapata faili la kelele tupu au namba zinalipuka mpaka inf, yaani zisizo na mwisho. Formula haijakosea. 70 Hz ukilinganisha na 48000 ni ndogo mno, koefishenti zote kumi na moja zinatakiwa kuwa sahihi kupita uwezo hata wa namba za biti 64, kosa dogo la kukaribisha namba, yaani kufupisha desimali zake, linaisukuma filta inaanza kujilisha yenyewe, inakua inakua. Ukiandika output="sos" inaivunja filta kubwa kuwa vipande vidogo vya daraja la pili vinavyofuatana, na kila kipande kinavumilia. Weka sos kila siku hata pale unapoona haihitajiki, ni mazoea yatakayokuokoa.

Mi nimeweka daraja la 4 na inatosha. Kwa kuwa sosfiltfilt inapita mara mbili, mbele alafu nyuma, ile 50 Hz inashuka kama desibeli 24 (kipimo cha nguvu ya sauti) hapo hapo kabla hujaandika filta nyingine yoyote, na kwenye 100 Hz unapoteza nusu desibeli tu. Usipandishe 70 ikawa 120 kwa tamaa, sauti ya mwanaume mzito inaanzia kwenye 85 hivi, utamfanya mzee wa watu aongee kama kwenye simu ya mezani.

Hatua ya 5: Nochi, na mkia wake

Nochi ni filta inayotoboa tundu jembamba kwenye frikwensi moja. Tatizo liko kwenye upana wa tundu. Mwenyewe mara ya kwanza niliweka Q ya 30 kwenye 50 Hz kwa sababu ndo niliyoikuta kwenye mifano. Q ya 30 maana yake upana ni 50 gawanya kwa 30, kama 1.7 Hz. Unaona raha, nimegusa kidogo sana. Ila filta yenye upana huo inahitaji muda kutulia, ukiipiga kwa kitu chenye nguvu inaendelea kulia yenyewe, na kwa upana wa 1.7 Hz inachukua sekunde 1.3 kushuka desibeli 60. Sekunde moja na zaidi! Ndo ule mkia nyuma ya "Paukwa". P inapiga, nochi inalia kama kengele.

Hesabu ya kukumbuka ni nyepesi, gawanya 2.2 kwa upana wa tundu kwa Hz unapata sekunde za mkia. Upana 5 unapata 0.44, upana 10 unapata 0.22. Kwahiyo usichague Q, chagua upana, alafu Q itafutwe na kompyuta:

```
upana = 5.0
for f0 in (50.0, 100.0, 150.0):      # weka ulizopima
    b, a = signal.iirnotch(f0, f0/upana, fs)
    y = signal.sosfilt(signal.tf2sos(b, a), y)
```

Upana wa 5 Hz unasaidia pia kama umeme unayumbayumba kidogo. Kwa jenereta weka 8 au 10.

Ona kwamba vya chini vimekatwa pia, sio nochi peke yake, kwahiyo ile nguvu ya P iliyokuwa inaipiga nochi imepungua sana (ipi itangulie haibadilishi matokeo, muhimu zote mbili ziwepo). Nilipoongeza hiyo filta ya vya chini tu pamoja na kubadilisha upana, mkia wa bibi ukaisha.

Utajiuliza mbona nimeishia 150, na 200 na 250 je? Sauti ya bibi ilikuwa inatembea kati ya 160 na 220. Ukitoboa 200 kila anapopandisha sauti akapita pale neno linazama, linarudi, linazama. Mvumo mdogo unaobaki kwenye 200 unafunikwa na sauti yake mwenyewe anapoongea. Kwa mwanaume ugumu uko kwenye 100 na 150, na hapo inabidi uamue kwa sikio, mi ningeacha 150 ya mwanaume kama sio kali sana. Mtu anayekuuzia mpango wa kutoboa kila baada ya 50 mpaka 1000 anakuuzia sauti yenye matundu ishirini.

Kitu kidogo cha kuangalia, mwanzo wa faili nochi inakuwa haijatulia kwahiyo mvumo unasikika kidogo alafu unafifia. Ukiwa na zile sekunde za kimya mwanzoni unazikata mwishoni, umemaliza.

Hatua ya 6: Mbele tu au mbele na nyuma

Umeona vya chini nimetumia sosfiltfilt na nochi nimetumia sosfilt. Filta ya kwenda mbele tu inachelewesha frikwensi nyingine kuliko nyingine, karibu na pale inapokata. Ukiipitisha na kwa nyuma ucheleweshaji unafutana, ni nzuri hasa kama ulirekodi kwa maiki mbili na utazichanganya baadae, maana zisipolingana zinafutana. Ila mkia nao unagawanyika, nusu unakuja kabla ya neno. Sikio linavumilia mkia wa nyuma kwa sababu neno lenyewe limeufunika, mkia wa kabla linaushtukia. Kwenye nochi nyembamba kwahiyo naenda mbele tu.

Hapa mtu atasema tumia filta za aina ya FIR (zisizojilisha zilichotoa zenyewe), hazilipuki kamwe na hazichezei fezi, yaani hazicheleweshi frikwensi moja kuliko nyingine. Ni kweli, na James McClellan na Thomas Parks walishatoa njia nzuri ya kuzisanifu mwaka 1972, kwenye scipy iko kama remez. Ila piga hesabu. Kadirio la haraka ni desibeli unazotaka kukata gawanya kwa 22, zidisha kwa sampuli kwa sekunde, gawanya kwa upana wa mteremko. Desibeli 60, sampuli 48000, mteremko wa 50 Hz, unapata koefishenti kama 2600. Kwa faili kompyuta inamaliza bila shida. Kwa maiki inayoongea moja kwa moja unachelewesha nusu ya hizo, kama milisekunde 27, na bafa (fungu la sampuli zinazokusanywa kabla ya kuchakatwa) ya sampuli 512 inaongeza milisekunde karibu 11, msemaji anajisikia nyuma ya mdomo wake anaanza kukwama maneno.

Hatua ya 7: Ukiipeleka kwenye chipu

Rafiki yangu anatengeneza kijiboksi cha maiki ya msikiti wa mtaani kwao, akachukua nochi yangu ya 50 Hz, akaitia kwenye chipu kwa namba kamili za biti 16 ili iende haraka, mvumo haukupungua hata chembe. Tulikaa siku mbili tunatafuta waya mbovu. Waya ulikuwa mzima.

Angalia namba. Kwa sampuli 48000 na Q ya 30 koefishenti mbili za kurudisha ni -1.999739 na 0.999782. Ukizijumlisha na 1 unapata 0.0000428, na hicho kidogo kinachobaki ndo kinachobeba 50 Hz nzima. Sasa kwa biti 16, kwa kuwa koefishenti inakaribia 2, hatua ndogo kabisa unayoweza kuandika ni 1/16384, yaani 0.000061. Hatua ni kubwa kuliko kitu chenyewe! Ukizikaribisha unapata -32764 na 16380, jumlisha na 16384, jibu ni sifuri kamili. Nochi yetu ilihama kutoka 50 Hz ikaenda kukaa kwenye sifuri Hz. Na frikwensi ya chini kabisa isiyo sifuri ambayo namba hizo zinaweza kuishika ni karibu 60 Hz, kwahiyo 50 ilikuwa haiwezekani tangu mwanzo hata tungefanya nini.

Dawa ni kutumia namba za aina ya float32, chipu kama ESP32 ina kitengo cha kuzipigia hesabu, au koefishenti za biti 32. Kama huna hivyo shusha sampuli, maana kadri 50 inavyokuwa sehemu kubwa ya sampuli zako ndo koefishenti zinavyopumua, kwa sampuli 4800 kile kidogo kinachobaki kinakuwa mara mia.

Kosa la pili linalopata karibu kila mtu kwenye sauti ya moja kwa moja ni kusahau hali ya filta kati ya bafa na bafa. Filta inakumbuka sampuli mbili zilizopita za kuingia na mbili za kutoka, ukizirudisha sifuri kila bafa mpya inapokuja unapata mruko mdogo, tik. Kwa bafa ya 512 hiyo tik inatokea mara 93.75 kwa sekunde, na tik 94 kwa sekunde sikio linazisikia kama mvumo. Yaani umeandika filta ya kuondoa mvumo, yenyewe inatengeneza mwingine. Kwenye C weka hizo namba nje ya funksheni, kwenye Python mpe sosfilt ile zi (ndo hali ya filta yenyewe) na uichukue tena inaporudi.

Hatua ya 8: Sikiliza ulichotoa

Watu wanasikiliza kilichobaki tu. Sikiliza na kilichotoka. Hifadhi y kabla ya nochi, toa y ya baada ya nochi, andika tofauti kwenye faili, pandisha sauti, vaa hedifoni. Ukisikia mvumo mtupu umefanya vizuri. Ukisikia maneno, hata kwa mbali kama mtu yuko chumba cha pili, umemkata mtu, rudi upunguze upana au uondoe nochi moja.

Alafu kabla ya kuandika angalia np.max(np.abs(y)). Kuna dhana kwamba filta inapunguza kwahiyo kilele hakiwezi kupanda, sio kweli, ikisogeza frikwensi kwa muda vilele vinaweza kukutana vikapita 1 na faili likakatwa vichwa. Ikizidi 1 gawanya yote kwa namba ile ile, andika kwa biti 24:

```
y = y / max(1.0, np.max(np.abs(y)) * 1.05)
sf.write("bibi_safi.wav", y, fs, subtype="PCM_24")
```

Rekodi ya bibi nimeiacha hapo. 200 na 250 bado zipo, ukitega sikio anapovuta pumzi unazisikia kwa mbali. "Paukwa" inatoka kavu na inaishia pale inapoishia, alafu baada yake kuna kimya kidogo kabla hatujaitikia, na ndani ya kimya hicho sasa unasikia kuku wa jirani wanapanda kulala, mwanzo mvumo ulikuwa umewafunika wote.